Mtungi Ulioshika Nafasi

Otonglo, kando ya barabara ya kutoka Kisumu kwenda Busia, wanaopanga foleni ni mitungi. Watu wenyewe wametawanyika. Mmoja amejibanza kwenye kivuli cha kibanda cha M-Pesa, mwingine amerudi nyumbani kukoroga uji, wa tatu yuko ng'ambo ya lami akibishania bei ya omena. Kwenye kioski cha maji, juu ya sakafu ya saruji isiyokauka mwaka mzima, imebaki mitungi ya njano ya lita 20, iliyobeba mafuta ya kupikia kabla haijaanza kubeba maji, imejipanga mmoja nyuma ya mwingine hadi karibu na mtaro wa barabara. Kila mmoja una alama ya mwenyewe. Huu umefungwa kitambaa chekundu kwenye mkono, ule umepakwa rangi ya kucha begani, na mwingine hauna kifuniko. Mdomo wake umezibwa kwa gunzi la mahindi lililovikwa karatasi ya nailoni. Mgeni akipita atadhani ni vyombo vilivyosahaulika. Mwenyeji hauruki hata mmoja, kwa sababu anajua hapo wamesimama watu. Mwenye mtungi akirudi baada ya nusu saa haulizwi alikuwa wapi. Mtungi wake ulimshikia nafasi.

Nafasi. Sijui neno jingine la Kiswahili linalobeba mzigo mkubwa hivi kwa sauti ndogo hivi. Nafasi ni pale unapoweka mguu. Nafasi ni muda usio na kazi: nikipata nafasi nitapita kwako jioni. Nafasi ni mlango unaofunguka mara moja, wa masomo au wa ajira, na ukichelewa unakuta umefungwa. Waliotuachia lugha hii hawakuona haja ya kutenganisha mahali, muda na bahati, na anayekaa asubuhi moja kwenye kioski cha Otonglo anaelewa kwa nini. Aliye wa tano kwenye foleni ana kipande cha saruji kinachotosha mtungi mmoja, ana karibu saa nzima ya kungoja, na ana tumaini kwamba maji hayatakatika kabla ya zamu yake. Ukimwondolea kimojawapo, vile viwili vingine havimfai kitu.

Jumanne moja nilikuwa nimekaa karibu na hapo, kwenye benchi la fundi viatu, kiatu changu cha kushoto kikiwa mapajani mwake na mguu wangu ukiwa peku juu ya vumbi. Akaja kijana mwenye kishikwambi na beji shingoni, mmoja wa wale wanaotumwa kuuliza maswali mitaani, mpole, mwenye salamu nzuri. Alimwendea mama mwenye mtungi wa gunzi. Alimuuliza mambo ya kawaida, mko wangapi nyumbani, maji ya kunywa mnachemsha, kisha akafika kwenye swali lililonifanya niinue kichwa. "Mama, tuseme kuna mtu angetaka umpangie foleni hapa kwa saa moja. Ungetaka akulipe pesa ngapi?" Mama hakucheka. Alivigeuza viganja vyake juu, akavitazama, akajibu kwa sauti ya mtu anayetaja bei sokoni na hataki kushushwa: "Mia mbili. Saa yangu si ya kuokota." Kijana akabonyeza, akashukuru, akashika njia ya kuelekea Kisian.

Hazikupita dakika kumi. Kijana mwingine, huyu wa mkokoteni, akasimama mbele yetu na mitungi iliyojaa, bado inatoa jasho la ubaridi. "Mama, maji hayo. Ishirini tu." Pale kioskini mtungi ni shilingi tano. Tofauti ilikuwa shilingi 15. Mama akapunga mkono kama anayefukuza inzi, akaketi juu ya jiwe, akangoja. Mimi nilikuwa na saa mkononi na kiatu kimoja mguuni, sikuwa na la kufanya ila kuhesabu. Alingoja saa moja na dakika kumi. Saa ile aliyoitaja kwa mia mbili aliiachia kwa kumi na tano, na usoni mwake sikuona aibu wala majuto.

Tangu siku hiyo natembea na bei hizo mbili, moja kila mfuko, na sijaweza kuitupa yoyote. Ni rahisi kusema kwamba mama alimdanganya yule kijana, kwamba watu wakiulizwa hujikweza. Ni rahisi vilevile kusema mdomo ni jumba la maneno, tuutazame mguu, kwa maana mguu haujui kujisifu. Wengi wenye elimu huishia hapo na kuona wamefika. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Nilimwona alivyovitazama viganja vyake kabla ya kusema mia mbili. Mtu anayejikweza hautazami mwili wake kwanza. Alikuwa akipiga hesabu, na aliipiga kwa uaminifu.

Tatizo liko kwenye silabi moja. Kijana aliuliza kwa -nge-. Angetaka, ungetaka. Kiswahili kimejaliwa mlango huo: unaupita ukijua kwamba upande wa pili hapajawa, huenda pasiwe kamwe, lakini unaweza kuzungumza humo kwa ufasaha kamili. Humo mfuko hauna kitu cha kukupinga. Karo imelipwa, unga upo, mtoto hajapandisha homa. Mtu akiulizwa bei ya saa yake akiwa upande ule, anaitaja saa jinsi anavyoijua yeye mwenyewe kwa ndani: saa ya mgongo, saa ya magoti, saa ambayo angeweza kuitumia kusuka nywele za mwanawe au kulala. Mia mbili ilikuwa bei ya hiyo. Halafu mkokoteni unakuja, na mkokoteni haujui -nge-. Unazungumza kwa -na-. Maji ninayo, ishirini unayo? Hapo saa haishindani tena na usingizi wala na nywele za mtoto. Inashindana na shilingi 15 ambazo ni nyanya mbili za jioni. Mama alichagua nyanya. Saa yake ilikuwa na thamani ileile ya awali. Kilichobadilika ni kilichowekwa upande wa pili wa mizani.

Jambo hili limewashughulisha wachumi kwa miaka mingi, na mara nyingi wamekuja kulipima hapa kwetu. Mwaka 1990 Dale Whittington na wenzake wawili walichapisha utafiti kuhusu maji ya Ukunda, kule Kwale, kusini mwa Mombasa. Walitazama familia zikichagua kati ya kisima, kioski chenye bei ndogo, na mchuuzi anayefikisha mtungi mlangoni kwa bei kubwa. Kutokana na uchaguzi huo waliikokotoa bei ya saa bila kumtaka mtu aitaje, wakakuta kwamba watu wa Ukunda waliithamini saa ya kuchota maji karibu sawa na ujira wa kibarua asiye na ujuzi. Wakati huo kulikuwa na wapangaji wa miradi waliozoea kuihesabu saa kama hiyo kwa nusu ya ujira. Napenda matokeo hayo, nakiri, kwa kuwa mguu wa Ukunda ulisema bei yenye heshima.

Lakini mguu wa Busia ulisema vingine. Ukiifuata barabara hii ya Otonglo bila kukata kona utafika huko, kwenye vijiji vinavyokunywa maji ya chemchemi. Michael Kremer, aliyekuja kuwa mmoja wa washindi wa Nobel ya uchumi ya 2019, pamoja na Jessica Leino, Edward Miguel na Alix Zwane, walichunguza chemchemi zilizojengewa ili maji yasichanganyike na uchafu wa juu. Matokeo waliyoyachapisha 2011 yanapendeza: uchafu wa kinyesi kwenye chemchemi ulipungua kwa asilimia 66, na kuhara kwa watoto kukapungua kwa robo. Kisha wakataka kujua watu wenyewe wanayathamini vipi maji hayo, na wakauliza kwa njia mbili. Waliwasikiliza wakisema. Halafu wakawatazama wakitembea: nani yuko tayari kuipita chemchemi ya karibu na kuongeza dakika kadhaa za njia ili achote kwenye iliyojengwa? Bei iliyotoka kwenye miguu ilikuwa ndogo sana kuliko iliyotoka midomoni, tena ndogo kuliko ile ambayo wapangaji wa afya huiweka wanapohesabu thamani ya uhai wa mtoto.

Sentensi hiyo ya mwisho ni nzito, na sipendi ipitwe haraka. Anayeisoma vibaya atasema mama wa Busia hampendi mwanawe kwa kiasi cha dakika tano za njia. Nimewahi kumsikia mtu mwenye shahada akikaribia kuyasema hayo, kwa lugha laini. Asichokiona ni kwamba dakika tano za ziada mama huyo hazitoi kwenye ghala. Anazitoa kwenye jembe, kwenye kuni, kwenye ule muda mfupi kabla ya giza ambao mtoto yuleyule anahitaji kupikiwa. Kila upande wa mizani yake kuna mtoto. Aliyekaa ofisini anaona chemchemi na afya tu, kwa kuwa vitu vingine vyote vya siku ya mama havikuandikwa kwenye fomu.

Tena kuna kazi ya karibuni zaidi, ya Daniel Agness, Travis Baseler, Sylvain Chassang, Pascaline Dupas na Erik Snowberg, waliokaa na familia za wakulima hapa magharibi mwa Kenya. Wao hawakuridhika na "tuseme". Waliweka mezani fedha halisi na saa halisi za kazi, na mkulima akachagua akijua kwamba alichochagua ndicho kitakachotokea. Ungedhani hapo bei ingetulia ikawa moja. Haikutulia. Mtu huyohuyo alitaja bei moja ya saa yake pale saa ilipobadilishwa kwa pesa, na bei nyingine ikajitokeza pale alipotakiwa kukipata kitu kwa jasho au kwa noti. Watafiti hao wakapendekeza kwamba anayepanga mambo ya umma aihesabu saa ya mtu aliyejiajiri kwa asilimia 60 hivi ya ujira wa soko, iwe kanuni ya kukadiria. Ni kanuni ya watu waangalifu, na ni bora mno kuliko sifuri ambayo wengi wanaitumia bila kuisema. Hata hivyo kilichonigusa zaidi ni ule ukaidi wa bei kukataa kuwa moja. Hata pale -nge- ilipoondolewa kabisa, noti na saa hazikukubali kukaa kwenye mizani moja kwa utulivu. Noti ikitoka mkononi, mtu anaiona ikienda. Saa inaondoka bila kuaga, na kesho jua likichomoza juu ya Nyando zinaletwa nyingine kumi na mbili, kama kwamba zile za jana hazikuwahi kutumika.

Jina la mahali hapa lenyewe ni la sarafu. Kwa Kijaluo otonglo ni senti kumi. Mwaka 2013 mwanafunzi wa sekondari, Daniel Owira, alilisambaza jina hilo nchi nzima kwa simulizi iliyoitwa Otonglo Time, na tangu hapo Mkenya wa Garissa au Lamu asiyewahi kuliona Ziwa Victoria analitamka jina la senti kumi likiwa limefungwa pamoja na wakati. Senti kumi za zamani, zile za Afrika Mashariki kabla ya Kenya kuwa na sarafu yake, zilikuwa na tundu katikati. Bibi yangu alikuwa nazo kadhaa ndani ya kopo la majani ya chai, zimetungwa kwenye uzi, na tulipokuwa wadogo alituruhusu kuzishika tukiwa wagonjwa tu. Nakumbuka nilivyoiweka moja jichoni nikachungulia nje. Mlango ulionekana, na mwembe, na bibi mwenyewe ameinama akipepeta, wote wameingia ndani ya kitundu cha sarafu isiyonunua tena chochote. Nilimuuliza ziliweza kununua nini. Alifikiri kidogo, kisha hakunitajia kitu cha dukani. Alinipa hesabu ya kazi: alisema palizi ya kutoka hapa hadi kwenye ule mti, tangu umande mpaka jua la kichwa.

Nchi hii ina historia ndefu ya watu wengine kuiandika bei ya siku ya mtu. Neno kibarua lenyewe ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa pwani ili apate ujira wake, na baadaye kikaratasi kikampa jina mtu. Kisha ikaja kodi ya nyumba mwanzoni mwa karne ya 20, na asiyekuwa na fedha aliweza kulipishwa kwa kazi, yaani kwa siku zake. Kikaja kipande, kitambulisho cha kazi kilichotungiwa sheria mwaka 1915 na kuanza kuvaliwa shingoni baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kwenye mashamba ya walowezi kazi ilihesabiwa kwa tiketi ya siku 30, kila siku ikitiwa alama na bwana shamba. Siku isiyotiwa alama ilikuwa kama haikuwahi kuwapo. Desemba 1921 watu wa Nyanza walipokusanyika Lundha, kule Gem, katika vuguvugu lililoitwa Piny Owacho, kodi na kipande vilikuwa miongoni mwa malalamiko yao. Nikiyasoma hayo nasikia ndani yake ile sauti ya mama wa mtungi. Saa yangu si ya kuokota.

Leo hakuna kipande shingoni, ila zipo foleni. Foleni ya zahanati inayoanza alfajiri kwa ajili ya daktari atakayefika saa nne. Foleni ya ofisi ambako mtu huambiwa aende arudi kesho, na kesho aambiwe mtandao umelala. Kila aliyepanga mambo hayo amefanya hesabu, hata kama hakushika kalamu, na katika hesabu yake saa za wanaongoja zimeandikwa bure. Ukimuuliza atakujibu kwamba watu wenyewe wanakubali kungoja, kama wangekuwa na haraka wangelalamika. Ameutazama mguu, akaona haukuondoka, akadhani umeridhika. Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema wazee, na waliosema hivyo walimaanisha tumbo hasa.

Uwanja wa ndege wa Kisumu uko jirani tu na Otonglo, upande wa ziwa, na ndege zinapotua hupita chini kiasi kwamba mtu kwenye foleni huacha sentensi katikati, akangoja kelele ipite, akaimalizia. Watoto hupunga mikono. Aliye ndani ya ndege ametoka Nairobi kwa muda usiofika saa moja. Mwingine amesafiri usiku kucha kwa basi na kushuka na macho mekundu, miguu imevimba, akiwa amempakata mtoto wa jirani kuanzia Naivasha. Mwingine amepanda gari moshi, lililorudi kubeba abiria Desemba 2021 baada ya miaka ya kimya, na linatumia karibu saa 12. Wote watatu wametoka mji uleule na kufika mji uleule. Zamani niliwatazama watu hao nikaona ngazi ya mapato tu. Siku hizi naona pia kwamba kila mmoja, akiulizwa kwa -nge-, angetaja ndege. Na naona kwamba yule wa basi, aliyebakisha maelfu ya shilingi kwa kuitoa sadaka mifupa yake usiku mmoja, ameshuka na kitu mkononi: pakiti ya sukari, lesso ya mama yake, karo ya nusu muhula. Usiku wake haukupotea. Umegeuka vitu, na vitu hivyo vitafika Seme au Asembo kabla ya saa sita.

Lazima niseme na langu, maana bila hilo nitakuwa nimekaa benchini nikihesabu saa za wengine. Baba yangu aliugua kwa miezi saba. Kabla hajaugua nilikuwa nimesema mara nyingi, mbele ya watu na kwa moyo safi, kwamba baba akinihitaji nitaacha kila kitu. Ningekaa naye mwezi mzima. Ningemsomea gazeti. Kama kijana wa kishikwambi angeniuliza bei ya siku moja na baba, ningemjibu kwamba siku hiyo haina bei, na nisingekuwa nasema uongo. Mwezi wa tano wa ugonjwa wake nikaitwa kwenye semina Nakuru, siku tatu, yenye posho. Nilihitaji ile posho, kwa sababu dawa zilihitaji ile posho. Nikaenda. Nilimpigia simu kila jioni, naye kila jioni aliniuliza chakula cha huko kikoje. Hakunilaumu, na amekwenda bila kunilaumu. Lakini najua kiasi nilicholipwa kwa zile siku tatu, najua hadi shilingi, na najua kwamba kinywa changu kilikuwa kimesema hazina bei.

Nimejitahidi kuamua ni yupi kati ya wale wawili ndiye mimi, aliyesema au aliyekwenda Nakuru. Jambo lililonisaidia ni kumkumbuka mama wa Otonglo, akisema mia mbili kisha akingoja kwa kumi na tano, bila kujipinga mwenyewe. Ndani yake hapakuwa na watu wawili. Palikuwa na mtu mmoja anayejua kitu kina thamani gani na anayejua pia ana nini mfukoni. Umaskini, nadhani, ni huo umbali kati ya ujuzi huo na mfuko huo. Kwa mwenye nacho umbali huo ni mfupi. Anachosema ndicho anachofanya, na watu humsifu kwa msimamo. Kwa asiye nacho ni mrefu kama barabara ya Busia, na anautembea kila siku akiambiwa hajui anachotaka.

Hapa kwetu saa zina majina ya watu. Binti aliyezaliwa asubuhi ni Akinyi, wa jua kali ni Achieng', wa jua likielekea kuzama ni Adhiambo, na wa usiku ni Atieno. Kwa hiyo pale kioskini ukiita saa yoyote kuna atakayeitika. Nimewahi kuketi nikasikia mwenye bomba akiita zamu kwa majina: Achieng', sogeza. Atieno, mtungi wako umepasuka. Ndivyo ilivyo pia ufukweni Usoma kabla ya mapambazuko, kina mama wamejifunga lesso wakitazama taa za mitumbwi ya omena zikirudi moja moja, na hakuna ajuaye gugumaji limeziba wapi usiku huo na mitumbwi itachelewa kiasi gani. Husimama tu, beseni miguuni. Hakuna aliyeniambia kwamba anapoteza muda. Husema wanalinda nafasi.

Kuna jambo la Jumanne ile sijalisema. Mama hakungoja saa ile yote akiwa amekaa. Katikati yake alinyanyuka ghafla, akageuka huku na huku, macho yake yakaniangukia mimi niliyekuwa karibu. "Mwanangu, nisogezee mtungi. Nimeacha mgonjwa nyumbani." Nikaitikia, "Haya, mama." Akaondoka kwa hatua za haraka kupitia pengo kati ya vibanda viwili. Nilitazamiwa mjini saa nne. Fundi alimaliza kiatu, akakipiga piga nyundo mara ya mwisho, akanikabidhi, nami nikakiweka kando ya benchi bila kukivaa, kwa kuwa sakafu ya kioski ilikuwa na maji. Kila foleni iliposonga nilinyanyuka na kuusukuma mtungi kwa mguu wangu ule mtupu. Saruji ilikuwa baridi na laini kama samaki. Nilisukuma mara tatu, nikakaa, nikasukuma mara mbili tena. Saa nne ikapita.

Aliporudi alikuta mtungi uko chini ya mfereji na maji yamefika nusu. Alichutama akashika mdomo wa mtungi kwa mikono miwili hadi ukajaa, akaupachika gunzi na nailoni yake, akalipigilia kwa kiganja. Akatengeneza kata kwa kitenge, akaiweka kichwani. Nikashika mkono mmoja wa mtungi, yeye akashika kitako, nikamtwika. Tone moja lilimteremkia nyuma ya sikio hadi begani. Alishukuru, "Ero kamano," bila kuinamisha kichwa, akaingia kwenye lile pengo kati ya vibanda, na nyuma yake mtungi wenye kitambaa chekundu, ambao mwenyewe alikuwa bado hajaonekana, ulikwishasukumwa mbele na mtu.